Usimrudishe Alikotoka

Jumanne, 16 Aprili 1996

Daftari hili kanipa Riziki, binti wa marehemu kaka yangu. Nakaa kwake hapa Stanmore, chumba cha nyuma. Jana baada ya kula kanambia, "Ami, hadithi zako zinabadilika kila ukizisimulia. Andika. Karatasi haitii chumvi." N'kamwambia karatasi haina ulimi, itatia chumvi vipi? Anayetia ni mkono. Kacheka mpaka kapaliwa na chai.

Haya, naandika. Mimi ni Shaame, mzaliwa wa Wete, Pemba, umri miaka hamsini na mbili. Skuli nimesoma mpaka darasa la sita, na hilo la sita nusu tu, maana mwalimu aliona nimeshajua yote. Nimefanya kazi melini. Nimepakia mizigo ya ndege kule Hayes mpaka mgongo ukasema basi. Sasa navusha watoto barabara nje ya skuli, pale inapopinda kando ya bwawa. Nina koti la njano linalofika magotini, na gongo lenye bango la duara juu yake. Limeandikwa kwa Kiingereza SIMAMA, na chini yake WATOTO. Wenyewe watoto huniita Lolipopu, yaani pipi ya kijiti, kwa umbo la bango hilo. Nikilinyanyua gongo hilo, London yote husimama. Mwaka jana nilisimamisha gari la zimamoto na king'ora chake, likangoja vitoto viwili vivuke, na dereva kanipigia saluti.

Leo muhula umefunguliwa. Mvua.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Hakuna aliyeumia.

Jumapili, 28 Aprili

Iddi kubwa. Riziki kapika biriani na nyumba ikajaa. Bharti kaja na sahani ya jalebi. Huyu ndiye mwenye duka la magazeti mkabala na bwawa, mzaliwa wa Darajani, Unguja, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Gurmit naye kaja na kilemba kipya cha buluu. Huyu ni Singasinga wa Kisumu, dereva wa basi linalopita kwenye kituo changu.

Nikawasimulia siku niliyompanda kasa, nikiwa mdogo, kutoka Kojani mpaka Kisiwa Panza, nimemshika masikio kama punda.

"Kasa hana masikio, Ami," Riziki kasema.

"Wa siku hizi hawana."

"Na mwaka jana ulisema ulipanda nguva," kasema Gurmit.

"Nguva nilimpanda wakati wa kurudi."

Walicheka mpaka Bharti akafuta machozi kwa ncha ya sari. Siku njema sana.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimeona kitu. Saa mbili kasorobo asubuhi, watoto hawajafika, nimeegemea reli ya bwawa nakunywa chai. Maji yakafumuka, kikatoka kichwa. Kichwa kama ngumi yangu, pua imechongoka, macho madogo ya mtu aliyeamshwa usingizini. Kikanitazama, kikazama. Nyuma yake nikaona gamba jeusi, na mkia mrefu wenye menomeno kama wa mamba.

Nikakimbilia dukani. "Bi Bharti! Bwawani mna kobe mkubwa kama meza hii!"

"Meza hii?"

"Basi nusu yake."

"Shaame, kaka yangu, mwezi wa tatu ulimwona chui Edgware Road."

"Yule alikuwa chui kweli! Wa tajiri mmoja wa Ghuba, kamfunga mnyororo wa dhahabu."

"Chukua gazeti lako uende. Watoto wanakuja."

Hasara ya kuwa msimuliaji hodari ndiyo hiyo: siku ya kweli ikifika hakuna anayeitambua.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemwambia Gurmit. Kajibu, "Mzee, hiyo ni tairi."

Jumatatu, 20 Mei

Tairi katoka leo, na miguu minne yenye makucha.

Saa mbili asubuhi. Nimesimama mahali pangu nikamwona anapanda ukingo wa njia, tumbo juu juu, anatembea kama mzee aliyevaa viatu vya mwanawe. Akateremka barabarani. Nikanyanyua gongo. Zikasimama gari mbili na gari la mikate, na yeye akafika kwenye mstari mweupe wa katikati. Nikajua maskini amepotea: maji yako nyuma, mbele kuna skuli na lami, anakwenda wapi? Nikampelekea bango usoni nimgeuze.

Lahaula! Aliruka. Kobe aliruka! Shingo ilimtoka kwenye gamba kama mkono unaotoka kwenye mkono wa koti, akauma ukingo wa bango, kraa! Hakuachia. Basi nikamvuta hivyo hivyo, yeye kang'ang'ania upande wake na mimi wangu, mpaka majini. Alipoachia, bango likawa na pengo kama mwezi wa siku tatu.

Dereva mmoja mwenye tai kafungua dirisha kanipigia kelele, ati bango linasema watoto, huyo ni mtoto wa nani?

Mchana kapita Priscilla, msimamizi wetu wa kaunsili, yaani baraza la mtaa, mwanamke mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Kalitazama bango.

"Bwana Shaame, hiki nini?"

"Kobe kaling'ata."

Kaandika. Nilichungulia. Kaandika "uzembe".

Jumanne, 21 Mei

Nikafikiri: atarudi, kwa sababu amepotea, na safari hii gari haitasimama. Bharti kaniazima simu ya duka, na namba ya kituo cha kuokoa wanyama tukaipata kwenye kitabu. Neno lilinisumbua kidogo. Kasa ni wa baharini, ana mapezi. Huyu ana miguu na kucha, kwa hiyo ni kobe. Na kobe kwa Kiingereza ni "tortoise", hata kamusi ya Riziki inasema. Nikasema tortoise.

Kijana wa kwenye simu kafurahi. Kasema huyo ni wa kufugwa, kamponyoka mtu bustanini. Mnyanyue kwa mikono miwili, huku na huku ubavuni, mtie kwenye boksi, mpe majani ya saladi.

"Ni mkali," nikamwambia.

"Ni waoga tu hao, bwana."

Bharti kanipa boksi la viazi vya kukaanga. Saladi nimenunua.

Jumatano, 22 Mei

Hakutoka. Saladi nimekula mimi.

Ijumaa, 24 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto. Ikisomeka vibaya, sababu ni hiyo.

Saa tisa na nusu alasiri, watoto wameshatoka, siku ya mwisho kabla ya mapumziko ya nusu muhula. Nilikuwa navua koti nikamwona amekwishafika katikati ya barabara, yuko mahali pale pale, uso kauelekeza kule kule kwenye skuli. Basi la Gurmit lilikuwa linakuja kwenye kona, gari mbili mbele yake. Nikanyanyua gongo, nikalilaza chini, nikamwendea na boksi langu.

Nilifanya kama nilivyoambiwa, mikono miwili, huku na huku. Nilimnyanyua. Ni mzito kama mtungi wa gesi. Shingo ikazunguka juu ya mgongo wake mwenyewe, sijapata kuona, ikanifika mkono wa kulia. Angekamata kidole, leo Shaame ana vidole tisa. Alikamata mkono wa koti na ngozi kidogo chini yake. Nikapiga ukelele ambao Riziki anasema labda ulisikika Wembley. Nikamwachia, akaanguka chali, akajipindua kwa kichwa chake, akaanza tena kuelekea skuli.

Hapo nikaghadhibika. Nikamshika mkia. Nikamvuta kwa mkia barabara nzima, kucha zake zinakwaruza lami, kama unavyovuta gunia, mpaka ukingoni, nikamsukumiza majini.

Gurmit alikuwa nyuma ya gari mbili, hakuona nilimshikaje, aliona nimeshinda tu. Kateremka kwenye basi anapiga makofi. "Mzee! Kumbe kweli! Mzee amepigana na mamba Stanmore!" Abiria nao wakapiga makofi. Nikainama kama mfalme.

Riziki ni muuguzi, kanipeleka hospitali kwake. Nimeshonwa nyuzi kumi na tano.

Hapana. Zilikuwa tatu.

Jumamosi, 25 Mei

Leo Riziki kaenda maktaba karudi na kitabu kikubwa cha picha, kaniwekea mezani pembeni ya uji.

"Ndiye huyu?"

Ndiye. Pua ile ile, mkia ule ule.

"Ami, huyu siye tortoise, huyo ni wa nchi kavu. Huyu ni turtle, wa majini. Tena yule mng'ataji, wa Amerika. Ulimpa yule kijana jina la mnyama mwingine, ndiyo maana kakupa dawa ya mnyama mwingine."

Kanisomea, anafasiri. Watu humnunua akiwa mdogo kama kifuniko cha chupa, akishakua wakamwogopa, usiku humtupa bwawani. Ubavuni hashikwi, shingo yake inafika. Hushikwa nyuma kabisa, juu ya miguu ya nyuma. Kisha Riziki kasoma jambo ambalo lilinifanya niache kijiko.

Jike lake hutoka majini mwezi wa tano na wa sita kutafuta mchanga wa kutagia. Hakupotea. Ukimrudisha majini atatoka tena, na tena, kila mara anapita mbele ya magari, mpaka afike au agongwe. Mwelekeze anakokwenda, usimrudishe alikotoka.

Mimi nimemrudisha mara mbili.

Na mstari wa chini yake: asivutwe mkia hata kidogo. Mkia umeungana na uti wa mgongo. Mifupa huachana, akapooza miguu, akazama.

"Ulimshika vipi kumrudisha?" Riziki kaniuliza.

"Nilimsukuma kwa bango," nikamwambia.

Naandika hapa na sitamwambia mtu: huenda nimemuua.

Jumapili, 26 Mei

Bwawani tangu asubuhi. Hakuna.

Jumatatu, 27 Mei

Hakuna. Mvua.

Jumanne, 28 Mei

Hakuna. Gurmit kila akipita anapiga honi, abiria wananionyesha kidole, "ndiye yule". Dukani kwa Bharti watu watatu wameniomba niwasimulie. Miaka yote nimetafuta hadithi itakayoaminiwa. Nimeipata, na kila nikifungua mdomo naonja shubiri. Nimewaambia nina mafua.

Jumatano, 29 Mei

Hakuna.

Jumapili, 2 Juni

Hakuna. Bharti kaniletea chai ukingoni, kakaa na mimi kwenye benchi, jambo ambalo hajawahi. Nilidhani mwanamke huyu anajua biashara tu na maneno makali. Kaniambia walipoondoka Unguja baada ya mapinduzi, mama yake alikuwa na mimba ya miezi minane, na kila afisi waliyofika, Dar, Nairobi, mpaka hapa uwanja wa ndege, kulikuwa na bwana mmoja mwema anayewaambia, mama, kwa hali yako afadhali urudi nyumbani ukajifungulie.

"Mwema kweli," kasema. "Tabasamu mpaka hapa. Nyumbani wapi, hakuuliza."

Bata wakapita.

Jumatano, 5 Juni

YUKO HAI. Kichwa, saa mbili kasoro dakika tano, kando ya matete. Kaogelea kutoka huku mpaka kule. Nilitazama miguu ya nyuma, nikaona inapiga maji, wa kulia vizuri, wa kushoto sina hakika. Nimepiga kelele mtaani. Watoto wa leo wamevushwa na mtu mwenye furaha.

Ijumaa, 7 Juni

Barua ya kaunsili. Yule mwenye tai kashtaki. Sheria yanipa ruhusa ya kusimamisha gari kwa ajili ya watoto wa skuli, si kwa mnyama. Nikutane na Priscilla Jumanne, tarehe 18. Nikirudia kabla ya hapo, gongo na koti nivirudishe.

Kwa maneno mengine, akitoka tena nimwangalie tu.

Jumatatu, 10 Juni

Simu ya pili. Safari hii nimesema turtle, mng'ataji, jike. Kijana yule kaniunganisha na bibi mmoja, Margaret, ana nyumba ya kioo yenye joto kule Hayes, humo huwaweka kobe waliotupwa. Sauti yake kavu kama biskuti.

"Urefu wa gamba?"

Ulimi wangu ulikwisha kuandaa meza. Bharti alikuwa kasimama mbele yangu, mikono kiunoni, ananitazama. Nikaanza, "Mkubwa kama..." nikameza mate. "Shibiri moja na nusu."

"Hicho kipimo gani?"

Bharti kachukua rula, kaupima mkono wangu kutoka kidole gumba mpaka cha mwisho kama fundi cherehani, kachukua simu mwenyewe. "Inchi kumi na tatu na nusu," kasema.

Margaret kasema, "Basi hamdanganyi. Wanaodanganya huwa wanaanza na futi tatu."

Kanifundisha. Bwawani hawezi kumtega, maji ni mengi na matope. Ni lazima nimngoje atoke. Akitoka nimpigie, lakini kutoka Hayes ni saa nzima, na barabara haitangoja saa nzima. Basi nitafute mkeka wa mpira wa mlangoni, niufunge kamba. Nimwendee kwa nyuma. Nishike gamba nyuma kabisa, juu ya miguu ya nyuma, nimvute kwenye mkeka, nisimnyanyue juu, kisha nivute mkeka. Nimfikishe upande anaoutaka, na nikimwachia uso uelekee mbele.

Mwisho kauliza, "Kuna mtu aliyemshika kabla? Aliyemvuta?"

Nikasema hakuna.

Urefu nimesema kweli, na hili nimesema uongo, kwenye simu moja.

Jumanne, 11 Juni

Mkeka katoa Bharti, ule wa mlangoni kwake. Kamba ya kuanikia nguo. Riziki karudi kazini akanikuta ukumbini nimepiga magoti, navuta sinia la biriani juu ya mkeka.

"Ami?"

"Usipite mbele yake. Anauma."

Kavua viatu, kapita nyuma.

Alhamisi, 13 Juni

Joto. Hakutoka.

Jumamosi, 15 Juni

Leo nitaandika yote. Sitaongeza kitu, maana hakuna nafasi ya kuongeza.

Siku ya mpira. Uingereza na Uskochi, hapo hapo Wembley, na nyumba zote zimefunga milango, watu wako mbele ya televisheni. Barabara tupu kama siku ya kiama. Nimekaa kwenye benchi na mkeka wangu. Gongo limefungiwa skuli, ni Jumamosi. Bharti yuko dukani, redio inaunguruma.

Saa kumi na dakika ishirini na tano, matete yakatikisika. Akapanda ukingo polepole. Mguu wa kushoto wa nyuma ulikuwa unaburuta kidogo, niliuona. Nikapiga kelele, "Bi Bharti! Simu!" Kampigia Margaret kashika redio mkono wa pili. Margaret kasema anatoka sasa hivi, kobe asiguswe mpaka afike lami.

Akafika lami. Nikasema moyoni, nenda mama, barabara ni yako, nenda. Akaenda. Robo ya barabara. Akakaribia mstari mweupe. Hapo redio na nyumba zote za mtaa zikapiga ukelele mmoja, goli, mpaka vioo vikatetema. Akasimama. Akajibana chini, kichwa kakiingiza alivyoweza, katikati ya barabara kabisa, pale kwenye kona. Hasogei tena.

"Mpira umebaki muda gani?" nikauliza.

"Robo saa!" kasema Bharti. "Kisha watatoka wote na magari yao!"

Nikauchukua mkeka. Ndipo nikasikia injini kwenye kona. Basi. Nikasimama na mikono yangu miwili juu, bila koti, bila bango, shati la ndani tu. Breki zikalia. Gurmit kanitazama mimi, katazama chini. Kisha, wallahi, kazungusha usukani, basi lote likalala mshazari, likaziba njia zote mbili. Kafungua dirisha dogo la abiria.

"Samahani wote! Basi limekufa!"

Mwanamke mmoja kasema, "Lakini injini inanguruma."

"Ndio ugonjwa wenyewe, mama. Haizimiki."

Na mimi nilidhani muongo wa mtaa huu ni mmoja.

Nikamzunguka. Nikapiga magoti nyuma yake, ile alama ya nyuzi tatu ikaniwasha. Nikautandika mkeka hadi ukaugusa mkia. Mkia sikuugusa. Nikashika gamba nyuma kabisa, kiganja huku na kiganja huku, chini chini. Shingo ikatoka, ikazunguka, mdomo ukafumba hewa, pap! shibiri moja kutoka kidoleni. Haikufika. Kitabu kilisema haifiki, na haikufika. Nikamvuta taratibu juu ya mpira. Kakwaruza, kafoka kama birika.

Nikashika kamba. Ili nimpeleke skuli ilibidi niugeuze mkeka, mimi natembea kinyumenyume, yeye nyuma mbele, kama wachukuzi wanaoshusha kabati ghorofani. Bharti ananiongoza: "Kushoto! Kushoto kwako! Shaame, huko siko kushoto!" Abiria wamebanana kwenye vioo vya basi.

Upande wa pili kuna ua wa majani wenye pengo, na nyuma yake uwanja wa skuli. Nikaugeuza mkeka tena, uso wake uelekee mbele. Nikarudi nyuma. Tukangoja. Dakika moja. Mbili. Kanyanyua kichwa. Kashuka kwenye mkeka kama anayeshuka kwenye teksi, kapita pengoni, hakutazama nyuma. Kanyooka moja kwa moja mpaka kwenye mchanga wanaorukia watoto siku ya michezo, kageuka, kaanza kuchimba kwa miguu ya nyuma. Wa kulia, kisha wa kushoto. Wa kushoto polepole. Lakini unachimba.

Gurmit kasema, "Basi limepona," kaondoka.

Margaret kafika saa kumi na moja na nusu, mwanamke mrefu mwenye buti. Kakaa kitako majanini pamoja nasi, tukangoja mpaka mama kobe kamaliza kutaga. Kisha kamchukua kwa nyuma, vile vile, kamtia kwenye pipa. Mayai kayafukua kwa vidole, moja moja, meupe kama mpira wa meza. Kila yai kalitia alama ya penseli juu kabla ya kuligusa, ili likae kama lilivyotagwa. Yakigeuzwa, kasema, kitoto hufa ndani.

Mayai kumi na tisa. Nimehesabu mara mbili na Bharti kahesabu mara moja.

Jumanne, 18 Juni

Kaunsilini na Priscilla. Bharti kafuata bila kualikwa, kavaa sari ya harusi. Nilisema ukweli: tarehe 20 na 24 Mei nilisimamisha magari kwa ajili ya mnyama. Priscilla kasema sheria inataja watoto peke yao.

Bharti kaegemea meza. "Mama, alikuwa nao kumi na tisa tumboni."

Priscilla kaweka kalamu chini. Kapepesa macho. Nimepewa onyo la maandishi, na bango jipya. Chini ya neno "uzembe" kaandika kwa mkono wake: "Limeng'atwa."

Jumatano, 24 Julai

Skuli imefungwa. Watoto wamenipa kadi. Siku ya michezo waliruka kwenye mchanga ule ule.

Jumamosi, 31 Agosti

Margaret kapiga simu jana: mayai yameanza kupasuka. Leo tumekwenda Hayes, mimi, Riziki na Bharti, kwa gari la Gurmit.

Nyumba ya kioo ina joto la Wete la mwezi wa pili. Vitoto kumi na vinne vimetoka, mayai matano hayakuwa na kitu. Vimekaa kwenye sanduku la mchanga mbichi, kila kimoja kama kifungo cha koti, na mkia mrefu kuliko mwili. Hawatarudi bwawani, si nchi yao na bata wangekwisha, lakini wataishi humo ndani, na mabustani ya wanyama mawili yameshaomba. Bharti kasema kitu kwa Kigujarati. Gurmit kavua miwani, kaipangusa.

Mama yao alikuwa kwenye tangi lake. Margaret katuonyesha picha ya eksirei ukutani, kaweka kidole kwenye mkia.

"Mifupa hii miwili ilihama. Imeshika tena, vibaya kidogo, lakini imeshika. Kuna mtu alimvuta mkia msimu huu. Mnamjua?"

Riziki alikuwa anatazama vitoto. Gurmit hakuona siku ile. Ningeweza kusema watoto wa mtaani. Ningeweza kusema mtu mwenye tai. Hadithi ilikuwa tayari mdomoni, nzuri, ina mwanzo na mwisho.

"Ni mimi," nikasema. "Tarehe 24 Mei. Nilimvuta barabara nzima. Na ulipouliza kwenye simu nilikudanganya."

Gurmit kageuka. "Mzee? Siku ile niliyopiga makofi?"

"Siku ile ile."

Joto tu na maji yanadondoka. Riziki kanishika kiwiko, hakukiachia. Margaret kachukua kadi iliyokuwa imening'inia kwenye tangi, kaandika tarehe na maneno machache, kairudisha. Halafu kakunja mikono ya shati lake.

"Nataka kusafisha tangi," kasema. "Mtoe."

"Mimi?"

"Kwa nyuma. Unajua."

Nikaingiza mikono majini. Kiganja huku, kiganja huku, juu ya miguu ya nyuma. Ilipiga yote miwili, ikanisukuma kwa nguvu mpaka nikayumba. Shingo ikatoka, ikazunguka, pap! hewani. Nikamweka kwenye beseni bila kumwangusha. Kanigeukia, mdomo wazi, anafoka.

"Bado ananichukia," nikasema.

"Anamchukia kila mtu," kasema Margaret. "Ni mzima."